Ombi la Kumruhusu Marehemu Afe

Mlola, Lushoto,
Mkoa wa Tanga.

Kwa Mheshimiwa Mtunza Daftari la Ardhi,
Dirisha la Tatu (lile linalofunguliwa saa nne).

YAH: KUOMBA KIBALI CHA KIFO CHA MMILIKI MWENZA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pokea salamu za milimani. Mvua imenyesha, viazi vimekubali, barabara imekatika palepale inapokatika kila masika. Waliokufa tumewazika, isipokuwa wale walioandikwa kwenye daftari lako. Hao hawajambo kabisa.

Kabla ya ombi, nikupongeze. Madaktari wameshindwa na mauti. Waganga wa Usambara, ambao zamani sifa zao zilishuka mpaka pwani, wameshindwa. Mashehe na wachungaji hawajaribu hata kushindana nayo, wanatuambia tujiandae tu. Wewe peke yako umeiweza. Mtu akishaingia daftarini kwako hafi tena. Ataugua, ataoshwa, ataswaliwa, atazikwa, watu watakula pilau ya arobaini na kurudi makwao, lakini kwako jina lake limetulia na wino wake. Anamiliki kiwanja, anadaiwa kodi ya pango la ardhi, na bila saini yake hakuna kinachosogea.

Naandika kwa niaba ya mjane mmoja wa hapa Mlola. Usimtafute kwenye mafaili. Nimemuunga kutokana na wajane wengi, kipande huku kipande kule, makusudi, ili asipatikane wa kumkasirikia. Tumwite Bi. Fulani. Marehemu mumewe ni Bwana Fulani. Mali yao ni kiwanja kilichopimwa, chenye nyumba ya matofali ya kuchoma, karibu na soko, na shamba la ekari moja na ushee kwenye mteremko. Humo kuna viazi na kabichi, na upande wa juu migomba. Kiwanja kina hatimiliki. Shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila. Hati zote mbili zina majina mawili, la bwana na la bibi.

Majina hayo mawili yaliingia kwa shangwe. Wewe unaijua sherehe ya kugawa hati kuliko mimi: turubai, spika mbili, viti vya plastiki vya mgeni rasmi na meza kuu, ngoma, na foleni ya wanandoa wanaopiga picha wameshika hati kama walioshinda bahati nasibu. Mgeni rasmi alisimama akasema kuanzia leo mama huyu hanyang'anywi ardhi na mtu yeyote. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jema.

Ila pale chini ya turubai hakuna aliyewauliza Bwana na Bi. Fulani swali moja dogo: mnamiliki wote wawili, sawa, lakini kwa namna ipi?

Maana Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kwenye kifungu cha 159, ina namna mbili. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja. Wawili ni mmiliki mmoja asiyegawanyika, na mmoja akifa, haki yake inabaki kwa aliye hai palepale, haipitii kwa ndugu. Ya pili ni umiliki wa mafungu, kila mmoja na fungu lake, na mwenye fungu akifa, fungu hilo linaingia kwenye mirathi. Kifungu cha 161 kinaongeza kwamba mwanandoa akipata ardhi kwa matumizi ya wote wawili, wanahesabiwa kuwa wa namna ya pili, isipokuwa hati yenyewe iseme vingine.

Kwa hiyo neno moja kwenye fomu ndilo linaloamua kama siku ya msiba mama atakuja kwako na cheti cha kifo akaondoka zake, au atakwenda mahakamani na ukoo mzima nyuma yake. Neno hilo liliandikwa na kijana mwenye kalamu aliyekuwa na fomu nyingine lukuki mezani na mgeni rasmi anayetaka kuwahi giza barabara ya Mombo. Simlaumu kijana. Ninachostaajabia ni kwamba tuliletewa ngoma, tukaletewa maji ya chupa, lakini mtu wa kueleza jambo hili kwa dakika tano hakupata nafasi kwenye gari.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Sisi huku wengi ni Waislamu. Kama kijana aliandika mafungu, na mafungu ni sawa kwa sawa, Bi. Fulani ana nusu yake. Kwenye nusu ya marehemu, kwa kuwa ana watoto, anapata thumni. Nusu, na thumni ya nusu: sehemu tisa kati ya kumi na sita. Kama marehemu alikuwa na mke mwingine, hiyo thumni wanagawana. Yaani hata bila mke mwenza, mama aliyeambiwa kwenye spika kwamba ardhi ni yake anabaki na tisa ya kumi na sita ya ekari moja kwenye mteremko ambao kiazi kikikuponyoka mkononi unakwenda kukiokota kwa jirani. Sina ugomvi na faraidhi, ni haki ya watoto na wazazi, na iko wazi tangu zamani. Ugomvi wangu ni kwamba mama alikuwa na haki ya kujua, siku ile ya picha, ni kipi anachopigiwa makofi.

Haya, tuchukue upande wa heri. Tuseme kijana aliandika umiliki wa pamoja, ule wa namna ya kwanza. Bi. Fulani anakuja dirishani na hati na cheti cha kifo, basi. Sheria imeshamaliza kazi yake siku bwana alipokata roho, na kilichobaki kwako ni kalamu na rula.

Hapo ndipo ninapokuvulia kofia. Kwa sababu dirisha linamtazama, linageuza hati mbele na nyuma, halafu linasema: "Mama, nenda kalete muhtasari wa kikao cha ukoo."

Mheshimiwa, hebu tulitafakari jambo hili tukiwa tumekaa. Umiliki wa pamoja uliwekwa ili mume akifa, mjane asisimame mbele ya mashemeji kuomba alichokwisha kuwa nacho. Sheria iliwatoa watu wa ukoo mlangoni, wewe ukawaingiza dirishani.

Na wanaingia kweli. Kikao cha ukoo si mchezo. Kuna shemeji aliyeondoka Mlola akiwa kijana, yuko Dar es Salaam, jembe la huku hajalishika tangu hapo, na simu ya marehemu alikuwa hapokei. Sasa anakuja kwa basi la usiku, na nauli analipiwa na mjane. Kuna baba mdogo ambaye masikio yake hayasikii vizuri lakini saini yake inahitajika sana. Kuna shangazi anayekumbuka kwamba shamba lile, kabla ya kununuliwa, liliwahi kuwa la babu. Wote wanakula kwa mjane, wanalala kwa mjane, halafu wanakaa kitako kujadili kama mjane abaki. Anayeandika muhtasari ni mtoto wa yule shemeji, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Wanamteua msimamizi wa mirathi. Unadhani ni nani? Ni mtu wa mjini, anayejua ofisi.

Utaniambia, ndiyo mila. Mila gani, Mheshimiwa? Wasambaa wa zamani walikuwa na utaratibu ambao wanahistoria wameuandika vizuri: mume aliyeoa wake kadhaa aligawa mashamba kwa nyumba, kila mke na mashamba yake, na mashamba hayo yakawa ya watoto wa nyumba hiyo. Nyumba nyingine haikuyagusa. Haukuwa usawa wa kisasa, sipambi, lakini mke alijua anasimama wapi na masale ya mpakani yalishuhudia. Hii mila nyingine ninayosikia ikitajwa madirishani ni ya kuandikwa. Ni Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoweka kanuni za kimila za urithi, kati ya hizo ile isemayo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake: watoto wake watamtunza. Ina umri wa kustaafu lakini haijastaafu. Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba ni ya kibaguzi, kisha ikaiacha ilipo. Rufaa yao ilianguka mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya uanamke wake ni batili. Vitabu vyote viwili viko kwenye kabati lako, na nina hakika havijawahi kusalimiana.

Turudi kwenye safari ya Bi. Fulani, maana bado hajafika.

Yuko eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kwa utulivu. Wakati huohuo cheti cha kifo kinamngoja, na bwana alifia nyumbani akazikwa kabla ya magharibi kama tunavyozika huku, bila kibali cha maziko wala daktari. Kwa hiyo inahitajika barua ya mwenyekiti wa kitongoji, halafu ya mtendaji wa kijiji, ndipo jambo liende wilayani. Kesi ya mirathi nayo ikishafunguliwa Mahakama ya Mwanzo na msimamizi akateuliwa, kanuni zinampa miezi minne kuleta orodha ya mali, fomu ya tano, na baadaye hesabu, fomu ya sita, kwa muda utakaopangwa na mahakama. Mjane aliye eda na msimamizi mwenye fomu wanapishana tu: mjane anapotoka ndani, karatasi zimeshaingia. Nani kaandika nini kwenye orodha, atajua baadaye.

Halafu majina. Kwenye hati marehemu, tuseme, ni Hasani. Kwenye kitambulisho cha taifa ni Hassan. Kwenye cheti cha kifo, mwandishi akiwa na haraka, ni Hassani. Kwa mujibu wa dirisha lako wamekufa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kiwanja. Dawa yake ni kiapo. Bi. Fulani anatafuta wakili, analipia muhuri, anaapa kwamba mwanaume aliyelala naye nyumba moja tangu ujana alikuwa mmoja. Ningependa kuiona sura ya marehemu akisikia hilo.

Na shamba lisisahaulike. Hati ya kimila hutoka nakala tatu: ya mwenye shamba, ya masjala ya kijiji, ya masjala ya wilaya. Marehemu, kwa hiyo, anapaswa kufa mara tatu, na vifo hivyo havipashani habari. Akifa kijijini, wilayani bado analima.

Kuna mambo ya hatimiliki ambayo lazima yafike ofisi ya mkoa. Kutoka Mlola mpaka Lushoto kwa gari la Noah, magoti yakiwa mdomoni. Lushoto mpaka Mombo kwa kona. Halafu Korogwe, Segera, Muheza, Tanga mjini. Huko kuna majibu ya aina chache tu, na yote tumeyazoea: mfumo hausomi, faili halionekani, afisa yuko semina, kontroo namba imekwisha muda. Nauli peke yake inakula gunia la viazi, na viazi vyenyewe mnunuzi wa Dar keshavifungia lumbesa. Mkoloni Mwingereza aliwahi kutulazimisha matuta kwenye bonde la Mlalo, tukamgomea mpaka akaacha. Kwenye foleni yako tumesimama tukiwa wapole kabisa. Hilo pia ni sifa yako.

Siri ya kushangaza zaidi inakuja baada ya ushindi. Msimamizi anafika, anaandikishwa. Hati sasa inasoma jina lake, "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu". Watu wanafurahi, wanadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, kisha kujiondoa. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamwingiza kwenye daftari, lakini kumwingiza si kumaliza. Bado hatua ya kuwaandika warithi wenyewe. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo watu wanaichokea. Hela imekwisha, shemeji hana haraka, na kiti kina joto. Miaka inapita. Msimamizi naye anakufa. Sasa daftarini kuna marehemu anayesimamia mali ya marehemu, na mjane aliye hai anaambiwa akafungue upya, kwa kikao kipya cha ukoo, na nauli mpya ya shemeji mpya. Kuna mashamba milimani ambayo vizazi vitatu vya wafu vinapokezana funguo.

Usiniambie serikali haina uwezo wa kwenda kuwatambua wafu vijijini. Tumeiona ikiweza. Mwaka 2024 na 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Maofisa walifika na mashine zao, vituo vikafunguliwa karibu na watu, wapya wakaandikwa, waliohama wakahamishwa, na waliofariki wakaondolewa. Bila kikao cha ukoo! Kwenye kura marehemu anaondoka kwa taarifa ya jamaa zake, kwenye kiwanja anabaki mpaka shemeji atakapopata nafasi. Mimi ningekuomba uazime hata karani mmoja kutoka huko. Ajifunze kwako subira, nawe ujifunze kwake kufuta.

Ukiona aibu kuazima hapa nyumbani, vuka tambarare za Mkomazi uingie Kenya. Sheria yao ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 60, inasema mmoja wa wamiliki wa pamoja akifa, msajili akithibitishiwa kifo, anafuta jina. Sisemi kwao ni peponi, mashamba yenye majina ya mababu wanayo tele. Lakini angalau mtu anaweza kwenda na kifungu mkononi, akakiweka dirishani na kusubiri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mjane wangu ana maombi mawili, uchague lipi linakufaa.

La kwanza ni kwamba umruhusu mumewe afe. Pale ambapo hati inasema umiliki wa pamoja, cheti cha kifo kitoshe, na mtu asitumwe kwa ukoo kuomba ruhusa ya kile ambacho sheria imeshampa. Pale ambapo ni mafungu, ukoo na mahakama wafanye kazi kwenye fungu la marehemu tu, na fungu la mama liandikwe wazi, lisiingizwe kwenye orodha ya msimamizi kwa bahati mbaya inayotokea kila mara. Jalada la msimamizi lisifungwe mpaka warithi wameandikwa. Na siku ile ya turubai, mtu mmoja asimame kabla ya ngoma aulize: pamoja, au mafungu?

Kama hilo ni zito, basi la pili: mtambue marehemu kikamilifu. Akialikwa mkutano mkuu wa kijiji, atumiwe barua kaburini. Aandikishwe kwenye mbolea ya ruzuku, maana ndiye mwenye shamba. Benki ikisema mwenza aje asaini ndipo mama apate mkopo, basi afisa mikopo apande nasi mpaka makaburini, tutampa mwavuli. Kodi ikichelewa, adaiwe yeye mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe, Bi. Fulani ameniambia simu bado ipo kabatini na anaichaji kila Ijumaa, asije akakosa ujumbe wako.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwandika Barua za Watu,
Mlola.

Nakala kwa:
Mtendaji wa Kijiji (abandike mbaoni, kama gundi ipo).
Shemeji, Dar es Salaam (nauli haijaambatanishwa).
Bwana Fulani, makaburini, kwa taarifa na utekelezaji, akiwa bado mmiliki mwenza.